Sanduku Linalopita Kibera Bila Kufunguliwa

Mwaka 2009 msanii wa Ufaransa anayejiita JR alikuja Kibera na picha kubwa za nyuso za akina mama wa mtaa, zimechapishwa kwenye plastiki nzito. Zikatandazwa juu ya mapaa, jumla ya mita mraba 2,000 hivi, na kwa sababu plastiki ile haipitishi maji, watu walipata sanaa na paa lisilovuja kwa mpigo mmoja. Lakini picha iliyozunguka dunia si ile ya mapaa. Ni ya treni. Macho ya wale akina mama yalibandikwa ubavuni mwa mabehewa, halafu pua na midomo ikawekwa kwenye mabati ya mteremkoni, chini ya reli. Treni ikipita, kwa sekunde chache macho yanakutana na mdomo na uso unakamilika. Kisha behewa linasonga na uso unakatika.

Watu huongea sana juu ya macho. Mimi nilibaki na swali la behewa. Vitu hivi vimepita katikati ya mtaa tangu kabla mama zetu wazaliwe, vimetutikisia sufuria mezani, vimetuamsha usiku, na bado ukimuuliza mtu wa Kibera ndani mlikuwa na nini atakuambia tu, "Si mzigo wa Uganda." Na hajakosea. Treni ya abiria inasimama, inabeba wasee wa kazi, inawashusha jioni. Ila reli hii haikujengwa kwa ajili ya wasee wa kazi. Ilijengwa kwa ajili ya lile sanduku la chuma lenye milango ubavuni, lililofungwa kwa kufuli na sili ya risasi, ambalo linatoka Mombasa likielekea mbali na halina shughuli yoyote na wewe.

Hili ndilo nataka kulifuata: behewa la mizigo lililofunikwa. Si garimoshi, ambalo limeshaandikiwa vitabu na kupigwa picha za kutosha.

Neno lenyewe kwanza. Kwa Kiswahili cha zamani cha pwani, behewa ni ukumbi au uwanda wa ndani ya nyumba, mahali palipozungukwa na kuta. Reli ilipofika, watu wakachukua jina la chumba wakalipa gari. Kumbuka hilo, kwa sababu Nairobi baadaye ilikuja kufanya kinyume chake, na tutafika huko.

Kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Upana wa njia ulikuwa mita moja, kama reli nyingi za India, na vifaa vingi vilitoka huko huko, pamoja na vibarua wapatao 32,000. Takriban 2,500 kati yao walikufa. Mzigo wa kwanza wa mabehewa haukuwa pamba wala kahawa. Ulikuwa reli yenyewe: vyuma, mataruma, boliti. Treni inabeba njia yake, inashusha, njia inalazwa, treni inasonga mbele kidogo, inashusha tena. Na chakula. A. M. Jeevanjee, tajiri wa Karachi ambaye jina lake tunalijua leo kwa sababu ya bustani ya katikati ya jiji, alikuwa na kandarasi ya kuleta vibarua na kuwalisha. Katika nyika ya Taru hata maji yalibebwa na treni, maana hapakuwa na tone. Fikiria kuwa na maelfu ya watu jangwani na kila kikombe cha maji kinakuja kwa garimoshi. Likichelewa, kiu.

Tarehe 30 Mei 1899 ncha ya reli ilifika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita kwa maji yake baridi. Hapo ikawekwa yadi, bohari, mahema. Nairobi haikuanza kama mji uliopata stesheni. Ilianza kama stoo. Mahali pa kupanga mabehewa kabla ya kupanda mlima, basi, na watu wakajenga maisha pembeni ya stoo hiyo. Ukitaka kuelewa kwa nini jiji hili linajali mzigo kuliko mtu, anzia hapo.

Mlima wenyewe si mchezo. Stesheni ya Nairobi iko mita 1,660 hivi juu ya usawa wa bahari. Uplands, mbele ya Limuru, iko karibu mita 2,340. Halafu ardhi inaanguka ghafla kwenye Bonde la Ufa. Kabla ya njia ya kudumu kukamilika, mafundi walitengeneza mteremko wa kamba: behewa linawekwa juu ya jukwaa lenye magurudumu, linateremshwa ukingoni kwa waya mzito hadi chini. Mabehewa yaliingia bondeni kama ndoo inavyoingia kisimani. Kwa njia hiyo kazi haikusimama, na tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu. Zaidi ya kilomita 930, zaidi ya pauni milioni 5 za walipa kodi wa Uingereza.

Ukienda kwenye makumbusho ya reli pale nyuma ya stesheni, yaliyofunguliwa 1971, utaonyeshwa gari la ukaguzi ambamo afisa wa polisi, Charles Ryall, alitolewa na simba usiku mmoja wa Juni 1900 pale Kima. Ni hadithi kali, sikatai. Kila mwanafunzi wa Nairobi amesimama mbele ya lile gari na kuulizwa kama anaogopa. Lakini usiku ule simba wa Kima alimchukua mtu mmoja. Kuna karatasi moja iliyokula watu wengi zaidi, na hiyo haina chumba chake makumbusho: orodha ya nauli za mizigo.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo utamu ulipo.

Behewa halijui rangi ya mtu. Karatasi iliyobandikwa ubavuni ndiyo inajua. Katika miaka ya 1920, Christian Felling akiwa meneja mkuu, reli iliendesha nauli ambazo kila aina ya mzigo ilikuwa na bei yake kwa uzito na umbali. Kwenye karatasi ni hesabu tu. Lakini angalia nani analipa nini. Mahindi ya kuuzwa nje, ambayo yalitoka kwa wingi kwenye mashamba ya walowezi wa Rift Valley, yalisafiri kwa bei ya chini mno, wakati mwingine chini ya gharama ya kuyabeba. Nguo za pamba zilizoingia kutoka ng'ambo, zile ambazo Mwafrika alinunua dukani kwa Mhindi, zilisafiri kwa bei ya juu. Pengo la upande mmoja likazibwa na upande wa pili. Yaani mama aliyenunua shuka alikuwa anamchangia mlowezi nauli ya mahindi yake, bila kuambiwa, bila risiti.

Pamba ya Uganda nayo ilibeba mzigo mzito kwenye hesabu hizo. Wakulima wa Buganda na Busoga walilima, ikafungwa marobota, ikaingia kwenye mabehewa, na pesa yake ikasaidia kulipia matawi ya reli yaliyokwenda Solai, Thomson's Falls ambayo leo ni Nyahururu, na Kitale. Tazama ramani ya matawi hayo uwekelee ramani ya mashamba ya Wazungu. Zinalingana vizuri ajabu. W. McGregor Ross, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kazi za umma wa koloni hili, aliona mambo hayo kutoka ndani, na mwaka 1927 akachapisha kitabu kizima kulalamikia jinsi walowezi walivyoigeuza serikali kuwa duka lao. Hakupendwa.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba reli ilileta maendeleo, mwulize: behewa gani, likiwa na nini, kwa bei gani? Likienda pwani lilikuwa na mahindi ya bei rahisi. Likirudi lilikuwa na shuka ya bei ghali. Sanduku ni lile lile.

Kwa nini sanduku lililofunikwa, na si behewa la wazi? Kwa sababu pamba, kahawa, chai, sukari na saruji ni vitu vinavyoharibika. Saruji ikipata unyevu inakuwa jiwe ndani ya mfuko. Sukari ikinyeshewa inakwisha. Pamba ikiangukiwa na cheche kutoka kwenye garimoshi la mvuke inawaka, na moto wa pamba huungua ndani kwa ndani, mtu hauoni mpaka robota zima limekwenda. Turubai juu ya behewa la wazi lilisaidia, lakini turubai hupasuka, huibwa, hupeperuka. Mabati manne na paa yalikuwa jibu. Milango miwili katikati ya ubavu, mpagazi anaingia na gunia mgongoni, analipanga ukutani, anatoka, anarudi na jingine. Hakuna mashine. Behewa zima lilijazwa kwa migongo ya watu na likamwagwa kwa migongo ya watu. Ndani, jua la mchana likipiga chuma, joto lake ni la jiko.

Na kulikuwa na kazi nyingine ambazo siku hizi hazina hata jina mtaani. Mkaguzi wa mabehewa alitembea kando ya treni nzima na nyundo ya mpini mrefu, akigonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti ya kufa. Kisha alipapasa kila kisanduku cha mafuta mwishoni mwa ekseli, kwa sababu kikikauka chuma husagana na chuma, kinapata moto, na ekseli inaweza kukatika treni ikiwa kwenye mwendo. Mtu mmoja, sikio moja, mkono mmoja, na nyuma yake tani mia kadhaa za mali ya watu. Watu hawa waliishi Muthurwa, Makongeni, na kwenye zile nyumba za safu za reli zilizoiachia jina Landhies Road. Walikuwa na mishahara midogo na masikio ya dhahabu.

*

Sasa Kibera. Wengi hudhani mtaa ulikuja ukaivamia reli. Mambo yalianzia upande mwingine.

Askari wa Kisudani wa jeshi la King's African Rifles, wale ambao vizazi vyao ndio Wanubi wa leo, walianza kukaa kwenye msitu huu kuanzia 1904 hivi. Waliuita Kibra, neno lao la msitu. Mwaka 1918 serikali ikaitangaza kuwa hifadhi ya kijeshi, ekari 4,197. Linganisha na hati ya ardhi ambayo Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi mwaka 2017: ekari 288. Zilizobaki zilikwenda wapi? Woodley, Jamhuri, Langata, uwanja wa gofu, na kadhalika. Na kipande kikaliwa na reli.

Maana reli ya kwanza haikupita hapa. Ilitoka stesheni ikafuata njia ambayo leo ni Uhuru Highway, kisha ikapanda kuelekea Kikuyu. Ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, jiji likitaka barabara pana ya kifahari katikati yake, ndipo reli iliposukumwa upande huu na kukata Kibera. Wanubi walikuwa wameshakaa miongo minne. Hata jina Laini Saba, ambalo mgeni husikia akafikiri ni habari ya reli, wazee hulisimulia kuwa lilitokana na laini ya shabaha, uwanja wa askari kujifunzia kulenga. Bunduki zilitangulia treni.

Kawangware ni habari tofauti. Hapo ni mahali pa kwale, ndege, ukiuliza kwa Kikuyu. Ni upande wa Dagoretti, ambako Lugard alijenga ngome mwaka 1890, kabla hata ya wazo la Nairobi. Reli haikuingia Kawangware. Stesheni ya Dagoretti iko ng'ambo kule, na mabehewa hupita yakienda Kikuyu bila kutazama nyuma. Kwa hiyo mtaa huo ukalishwa na miguu, punda, mkokoteni, halafu lori, halafu mat namba 46. Mitaa miwili, mmoja umepasuliwa na reli na mwingine umerukwa nayo, na hakuna ulionufaika kwa mzigo wake. Gunia la mahindi lililotoka Kitale kwa treni lilipita Kibera, likashushwa mjini, kisha likarudi Kibera kwa mkokoteni likiwa na bei ya watu watatu juu yake.

Miaka ambayo reli ilifanya kazi kwa nguvu zote ni ile ya East African Railways and Harbours, shirika lililoundwa 1948 kuunganisha reli ya Kenya na Uganda na ile ya Tanganyika. Mwaka 1955 na 1956 yalifika magarimoshi 34 ya aina ya 59 kutoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester, kila moja likipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Tani 252 kila moja, magarimoshi makubwa kuliko yote ya mvuke yaliyowahi kutembea kwenye reli ya mita moja. Kila moja liliweza kuvuta tani 1,200 za mabehewa kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kwenye safari hiyo ndefu, timu mbili zilisafiri pamoja: moja inaendesha, nyingine inalala kwenye behewa lake maalum, halafu wanabadilishana. Shift, lakini kitanda kinatembea.

Si kila kilichobebwa kilikuwa mali. Aprili 1954, kwenye Operesheni Anvil, jeshi lilizingira Nairobi nyumba kwa nyumba likikamata Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walikamatwa. Walichujwa Langata, hatua chache kutoka Kibera, na maelfu wakapandishwa treni kwenda Mackinnon Road na Manyani. Angalia kambi hizo ziko wapi. Zote ziko kando ya reli, kwenye ile ile nyika ambako maji yalibebwa kwa garimoshi mwaka 1897. Reli ilijua kuhamisha chochote kinachohesabika.

Halafu ndoa ikavunjika. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianguka, na pamoja nayo shirika la reli. Sasa, ndege unaweza kuzihesabu. Mabehewa je? Yalikuwa maelfu, yametapakaa kutoka Kilindini hadi Kasese hadi Kigoma, yote yameandikwa EAR. Kwa kiasi kikubwa kila nchi ilishikilia kilichokutwa kwake. Makao makuu na karakana kubwa zilikuwa Nairobi, kwa hiyo unaweza kukisia nani alilalamika. Ilimchukua msuluhishi Mswisi, Victor Umbricht, miaka mingi ya kwenda na kurudi mpaka mkataba wa kugawana mali ukatiwa saini Arusha mwaka 1984. Mabehewa hayakusubiri mkataba. Yalipakwa rangi, herufi zikabadilishwa, yakaendelea kupanda mlima wa Kibera na jina jipya.

Kilicholiua behewa lililofunikwa si siasa, ni sanduku jingine. Kontena. Mwaka huo huo wa 1984 bandari kavu ya Embakasi ilifunguliwa. Kontena halihitaji kuta za behewa wala paa lake. Linahitaji sakafu tu yenye magurudumu. Linajazwa Mumbai au Guangzhou, linafungwa huko, linafunguliwa kwa mwenyewe. Wapagazi waliozoea kulimwaga behewa gunia kwa gunia wakasimama wakitazama winchi ikinyanyua tani ishirini kwa dakika chache. Na kontena lina sifa nyingine mbaya kwa reli: linapenda lori vilevile. Barabara ikaanza kuchukua mzigo, reli ikazeeka, wafanyakazi wakapunguzwa kwa maelfu, na mwaka 2006 kampuni ya Rift Valley Railways ikapewa mkataba wa kuendesha kilichobaki. Mkataba ukafutwa 2017.

*

Wakati huo wote, Kibera ilikuwa imejaa mpaka ukingoni mwa mataruma. Reli ndiyo iliyokuwa njia kavu pekee wakati wa mvua, kwa hiyo ikawa barabara ya watu. Viatu vya mtumba vinapangwa juu ya reli, omena inaanikwa kando, mahindi yanachomwa. Treni ikipiga honi, bidhaa zinatolewa bila haraka ya kupita kiasi, behewa linapita mkono mmoja kutoka kwa biashara, bidhaa zinarudi. Mgeni huona hatari. Mwenyeji huona ratiba.

Hatari ipo lakini. Desemba 2013 treni ya mizigo iliacha reli ndani ya Kibera na mabehewa yakaangukia nyumba. Watu wakatolewa chini ya chuma na majirani kwa mikono. Siku zilizofuata maswali yakawa yale yale ya kawaida: mbona mmejenga karibu na reli? Ni swali la haki kiasi, lakini lina nusu ya pili ambayo haiulizwi: mbona behewa bovu limepitishwa kwenye reli mbovu karibu na watu?

Serikali ilikuwa imeshatoa jibu lake mwaka 2004, ilipowatangazia watu wa kandokando waondoke, mita 30 kila upande wa reli. Ilikuwa amri ya kubomoa, fupi na wazi. Kelele zikapigwa, na badala yake ukaja mpango wa kuwahamisha watu kwa utaratibu, uliofadhiliwa kwa sehemu na Benki ya Dunia. Wanavijiji wenyewe walihesabu nyumba kwa nyumba, kibanda kwa kibanda, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji na Pamoja Trust, kwa sababu walijua asiyeandikwa hatapata kitu. Maelfu ya nyumba na vibanda viliandikwa. Majengo na ukuta ulioko kando ya reli leo yametokana na hesabu hiyo. Si kila mtu alifurahia alichopata. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa reli hii kuhesabiwa na wao wenyewe, baada ya miaka mia ya kuhesabiwa magunia.

Na kuna Januari 2008, ambayo ndiyo siku Kibera ilipozungumza na behewa kwa lugha ambayo behewa linaielewa. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa, mtaa unaungua, na rais Museveni alikuwa wa haraka kumpongeza Kibaki. Vijana wakaingia relini na kuing'oa. Vyuma, boliti, mataruma. Lile sanduku ambalo halikuwahi kufunguliwa kwao likasimama. Uganda ikaanza kukosa mafuta. Watu waliosema Kibera haina nguvu yoyote ya kiuchumi hawakuwa wamefikiria kwamba nchi nzima isiyo na bahari inaning'inia kwenye mita chache za chuma kinachopita Laini Saba na Gatwekera. Sisifu kilichotokea mwezi ule. Watu walikufa, majirani waliuana, na treni za kupeleka chakula nazo zilihitaji njia ile. Ila ukitaka kujua vijana walijifunza wapi thamani ya reli, jibu ni kwamba waliiona ikipita kila siku.

Mwaka 2013, kabla ya uchaguzi uliofuata, wachoraji wa graffiti wa kundi la Kibera Walls for Peace waliruhusiwa na Rift Valley Railways kuchora ujumbe wa amani kwenye treni ya abiria inayopita mtaani. Ukiangalia vizuri, kampuni ilikuwa inaomba.

Leo mzigo wa Uganda unaikwepa Kibera. Reli mpya ya SGR ilifunguliwa Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 na kufika Suswa 2019, ikipitia mbuga ya wanyama na Ngong. Pale Naivasha kontena linahamishiwa reli ya zamani, iliyokarabatiwa kuelekea Malaba. Yaani mlima wa Kibera, Dagoretti, Kikuyu sasa umezungukwa. Reli ya Kibera imebaki zaidi ya abiria na vumbi.

Na kontena, lile lililomfukuza mwenzake kazini, limepata uhamisho wa mwisho. Tembea Kawangware kutoka stage kuelekea Congo ulihesabu. Hili ni duka la dawa, lile ni kinyozi, hili la M-Pesa, lile ni la mama wa chapati na limetobolewa dirisha la kupitishia sahani. Mtaa ambao reli iliuruka umelipata sanduku lake hatimaye, kwa lori, likiwa limeshazeeka. Fundi analikata kwa grainda, anachomelea mlango pale ambapo hapakuwa na mlango, anaweka grili, anapaka rangi ya buluu juu ya jina la meli. Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, mafundi hawa walikaa miezi mitatu na zaidi wakitafuta chuma kwa tochi, mpaka Mei ilipoondolewa.

Ukisimama hapo kwa muda utaona anachogongea. Mafundi wengi wa jua kali jijini, kutoka Kamukunji hadi huku, hawana fuawe ya dukani. Wana kipande cha reli, urefu wa mkono, kimesimamishwa kwenye gogo. Anaweka bawaba juu yake, anapiga nyundo mara mbili, anaigeuza, anasikiliza.